Mashuka ya Wageni: Maisha ya Protasi Ruzabila, 1926–1981

Wapendwa katika Kristo, majirani wa Bisibo na ndugu mliotoka Ngara, huyu tunayemsindikiza leo ni Protasi Ruzabila, mtandika vitanda. Mwenyewe hakuona haya kuitwa hivyo, nasi tusione haya kumtaja hivyo mbele ya mwili wake.

Alizaliwa Mabawe, wilaya ya Ngara, tarehe 12 Septemba 1926, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Pancras Ruzabila na marehemu mama Bernadetha. Siku hiyo tunaijua kwa kuwa padre aliiandika katika kitabu cha ubatizo. Mama alikumbuka tu kwamba maharage yalikuwa bado hayajapandwa. Nyuma yake alizaliwa Deodata, anayesoma wasifu huu, kisha Anatoli, ambaye Mungu alimwita angali mdogo. Mama yao alikuwa fundi wa mikeka ya mafunjo. Wote watatu walizaliwa juu ya mkeka aliousuka kwa mikono yake.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1936 akamaliza darasa la nne mwaka 1939. Alikuwa na kaptura moja. Kila Jumamosi mama aliifua, naye Protasi akakaa migombani amejifunika jani mpaka ikauke. Wenzake wakipita walimwita, "Protasi, njoo tucheze!" Naye alijibu kutoka huko huko, "Nina kazi." Baadaye, ukimuuliza nani alimfundisha kuheshimu nguo, alisema ni lile jani la mgomba.

Mwaka 1947 alitembea kwa miguu kutoka Mabawe hadi Biharamulo kutafuta kazi, akaipata katika nyumba ya kulala wageni iliyokuwa ukingoni mwa pori. Walikuja hapo wawindaji, na baadaye wapiga picha wa wanyama, wengi wakishukia Nairobi na kupitia Mwanza. Msimamizi, Bwana Matiasi, alimwonyesha mara moja tu jinsi ya kukunja pembe za shuka, akaondoka. Protasi alilikaza shuka hilo kwa nguvu zake zote za ujana. Asubuhi mgeni alikutwa amelala juu ya blanketi, anapiga chafya. Alikuwa ameshindwa kuingia.

"Protasi," Bwana Matiasi akamuuliza, "hiki ni kitanda au bahasha?"

"Bwana, ulisema kisiwe na kunyanzi."

"Nilisema. Lakini mtu naye aingie."

Tangu siku hiyo alitandika vizuri kuliko wote, kwa miaka thelathini na zaidi. Mashuka aliyafua kila Jumatatu, akayapiga pasi ya mkaa, akayapanga sandukuni na majani ya mkalitusi ili nondo wasiyale.

Tarehe 3 Novemba 1951 alifunga ndoa takatifu na Eufrazia, binti wa hapa hapa Bisibo. Mama Eufrazia husimulia kwamba asubuhi ya kwanza ya ndoa yao aliamka kwenda kuchota maji, na aliporudi akakuta kitanda kimetandikwa. Akaogopa. Akaenda kumwambia mama yake, "Mama, yule mwanaume anatandika kitanda. Ni mgonjwa?" Mama yake akamwambia, "Nyamaza. Wasikusikie wenzako, watamtaka."

Miaka ile wageni walitulisha wengi, hata sisi tusiowajua sura. Kuku waliliwa kule, mayai yalinunuliwa kule, na Deodata aliyapeleka mwenyewe kila alipokuja kumsalimu kaka yake. Mikeka ya mama ilisafiri na Wazungu mpaka nchi tusizoweza kuzitamka. Chumvi, sabuni, karo za watoto, vyote vilitoka kwa mtu aliyekuja kumtazama nyati na kwenda zake. Hatukujua kwamba tumeegemea ukuta usio wetu.

Mwaka 1973 uwindaji ulipigwa marufuku, wawindaji wakaisha. Mwaka 1974 tulihamishiwa vijijini. Protasi akaiacha nyumba yake ya bati na migomba iliyokuwa imebeba, akajenga upya hapa Bisibo kwa nyasi. Hakulalamika, kwa kuwa alikuwa bado na kazi. Kisha Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, na wapiga picha nao hawakuonekana tena. Kutoka ofisini kwa wenye nyumba ile ya wageni ikaja barua moja: tunzeni vifaa, wageni watarudi. Protasi aliiamini barua hiyo kama mtu anavyoamini Zaburi.

Aliendelea kufua kila Jumatatu. Mwenzake kazini, mlinzi Mayunga, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, alikuwa akimtania.

"Mzee Protasi, wamelala wangapi jana?"

"Hakuna."

"Sasa unafua nini?"

"Nafua wasije wakakuta vumbi."

"Haya. Wewe wafulie, mimi nitawalinda. Wageni wasiokuja hawana usumbufu."

Mshahara ulianza kuchelewa, ukawa wa kubahatisha, mwishowe ukakoma. Mayunga alirudi kwenye ng'ombe wake. Protasi alibaki na ufunguo.

Mwezi Novemba 1978, vita vilipoanza, watu waliokimbia makwao ng'ambo ya Mto Kagera waliletwa kwa lori mpaka huku. Protasi alifungua vyumba vyote bila kungoja ruhusa ya mtu. Alitandika kila kitanda, akakunja pembe kama alivyofundishwa, na akina mama waliotoka porini na matope miguuni wakaogopa kukaa. Akawaambia, "Kaeni. Ninyi ndio niliokuwa nikiwangoja." Miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja wa Missenyi, Anjelika, na binti yake Ernesta. Bibi yule alikaa siku tisa, akafa. Protasi alitoa shuka moja sandukuni, akamvika, akamzika kama mzazi wake.

Sasa tufike mahali pagumu, maana wasifu usiosema kweli haumsaidii marehemu.

Mama Bernadetha alifariki nyumbani kwa Protasi hapa Bisibo Jumanne tarehe 11 Machi 1980, katika Kwaresima. Mtakumbuka hali ilivyokuwa. Duka la kijiji lilikuwa na rafu na muuzaji, basi. Nguo ya sanda haikupatikana Biharamulo wala Ngara. Na sandukuni kwa Protasi yalikuwamo mashuka matano meupe.

Deodata alikuja kutoka Mbuba alikoolewa, akamwita kaka yake pembeni.

"Kaka, mashuka yapo."

"Yapo. Si yangu. Ni ya wageni."

"Wageni gani? Miaka mitatu hajaja hata mmoja."

"Watakuja."

"Yule bibi wa Missenyi ulimpa."

"Yule alikuwa mgeni."

"Na mama ni nani?"

Protasi akasema, "Mama ni wa nyumbani, Deodata. Wa nyumbani hawezi kula cha mgeni."

Mama alizikwa katika mkeka, ule wa mwisho aliousuka. Ndivyo walivyozikwa babu zetu, wala si aibu. Lakini Deodata aliona aibu, akasema maneno ambayo hayatarudiwa mahali hapa, akaondoka bila kuaga. Protasi alimwandikia barua tatu. Deodata hakujibu hata moja. Anakiri hilo mbele ya Mungu na mbele yenu.

Wiki nne baada ya mazishi, katika Juma la Pasaka, dereva wa lori alishusha kifurushi. Kilitoka kwa Ernesta. Ndani yake mlikuwa na shuka jipya, jeupe, na karatasi iliyoandikwa: "Mzee, hili si la wageni. Ni lako." Mama Eufrazia anasema Protasi alilishika shuka lile, akatoka nalo nje mpaka kaburini kwa mama yake, akakaa. Aliporudi, alilikunja akaliweka peke yake juu ya kabati, na kwa siku mbili hakula.

Alianza kuugua kifua Januari 1981. Hospitali alikwenda mara nne. Dawa zikiwapo alipewa, zisipokuwapo alirudi na kikohozi chake. Mwezi Juni alipoona nguvu zinaisha, alifua yale mashuka matano, akayapiga pasi, akamwomba mwanawe Novatus ampeleke kwa baiskeli ofisini akayarudishe pamoja na ufunguo. Karani alimtazama, akamwambia kwa upole, "Mzee, haya hakuna aliyekuwa akiyauliza." Protasi akamjibu, "Mimi nilikuwa nikiyauliza."

Habari za ugonjwa zilimfikia Deodata mwezi Julai, akaja. Alimkuta kitandani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ungekuja mwaka jana ungekuta chai yenye sukari."

Wakacheka, kisha wakalia, na hawakuombana msamaha kwa maneno. Deodata alibaki kumuuguza. Siku moja alilishusha lile shuka la Ernesta, akamwambia, "Kaka, hili ni lako kweli. Siku Mungu atakapokuita tutakuvika." Protasi akatikisa kichwa.

"Mama yumo katika mkeka. Nikimkuta nimevaa shuka, nitamwambia nini?"

"Utamwambia ulipewa."

"Hapana. Nisukieni mkeka. Hilo mtandikieni atakayetoka mbali kuja kunizika. Na pembe mzikunje vizuri."

Protasi Ruzabila alifariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 8 Oktoba 1981, hapa Bisibo, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, baada ya kupokea sakramenti zote. Mkeka mnaouona ameusuka Deodata. Mkono wake si wa mama, naye anaomba mmsamehe pale ulipopinda.

Jana jioni alifika mama mdogo Rozalia kutoka Mabawe, mdogo wake mama Bernadetha, ambaye Mungu amembakiza peke yake katika tumbo lile. Miguu ilikuwa imevimba. Hakuna aliyetoka mbali kuliko yeye. Mama Eufrazia na Deodata walikitandika kitanda cha Protasi kwa lile shuka, wakakunja pembe, wakamlaza. Asubuhi hii walimuuliza ameamkaje. Akalipapasa shuka kwa kiganja, akasema, "Dada yangu angeliona hili, angefurahi. Ni kazi ya mwanawe?"

Wakamjibu, "Ndiyo, mama. Ni kazi yake."

Marehemu ameacha mjane, mama Eufrazia, watoto watatu, Novatus, aliyerudi salama vitani, Filomena na Leokadia, wajukuu saba, dada yake Deodata, na mama mdogo Rozalia, ambaye bado amechoka na tunaomba mumwachie nafasi ya kukaa.

Ee Bwana, huyu alitandikia wengi. Umpokee mlangoni kama mgeni aliyengojwa, na umpumzishe kwa amani karibu na mama yake. Amina.