Mkono wa Kulia wa Bwana Edirisuriya

Watukufu watawa wa hekalu letu mliokuja kutubariki, Mheshimiwa Naibu Waziri wa Michezo, Bi Somalatha Rupasinghe, Mwenyekiti wa Kamati ya Uteuzi hadi jua litakapokuchwa leo, Bwana Edirisuriya, Mwenyekiti kuanzia kesho, Bwana Sivapalan, mjumbe wa kamati, walimu wetu, nahodha na wachezaji wenzangu, mama mkwe wangu, aliyenionya nisimsahau, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Nawatakia nyote maisha marefu.

Mtaniwia radhi nikisema kwa sauti ya chini. Msemaji aliyenitangulia alitumia kipaza sauti kama aliyegombana nacho, lakini mimi siwezi, kwa sababu kuna mtu amelala mstari wa mbele, na safari hii si kiongozi. Ni binti yangu Senuli, wa miezi minane, na nimechukua siku mbili kumfikisha hapo alipofika.

Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya wapigaji wa timu ya taifa ya kriketi ya wanawake, tunaoondoka keshokutwa kwenda New Zealand, kumuaga mama aliyetuchagua. Sikusomea kuhutubia. Nilisoma shule ya kijiji hapo Weligoda mpaka walimu wakachoka, nikashika gongo la kriketi. Kwa hiyo nitasema nilichokiona, na pale ambapo sikuona nitasema kama nilivyoambiwa na Bwana Sivapalan, ambaye kwake siri ni kitu cha kumwambia mtu mmoja mmoja.

Ndugu wageni, nani kati yetu hajui kwamba katika kisiwa hiki kila mtu ni mteuzi wa timu ya taifa? Kinyozi ni mteuzi. Muuza samaki ni mteuzi, na ukibisha anakupimia vichwa. Daktari aliyenizalisha huyu Senuli aliniuliza, katikati ya shughuli yenyewe, kama naona ni haki mpigaji wa mkono wa kushoto kuanza. Nilimjibu, na mkunga ni shahidi kwamba sikumjibu kwa adabu. Sasa katika nchi ya watu milioni ishirini na zaidi ambao wote wanajua nani apige wa kwanza na nani apige wa tatu, fikirini maana ya kuwa yule mmoja ambaye neno lake ndilo linaloandikwa. Fikirini maana ya kwenda hekaluni siku ya mwezi mpevu, umevaa nyeupe, umebeba maua yako, na mtu anakunong'oneza mbele ya madhabahu, "Dada Soma, yule binti wa Kurunegala umemwacha kwa nini?"

Huyo ndiye Bi Somalatha. Wazazi walimletea embe, wakamletea mafenesi, akayarudisha. Yuko mama mmoja wa Hambantota aliyemletea mtindi wa nyati kwenye chungu kila mwaka siku ya majaribio ya timu, na kila mwaka chungu kilirudi na kamba yake haijafunguliwa, na binti hakuchaguliwa. Mwaka wa nne binti akapiga vizuri akachaguliwa, na yule mama, kwa hasira za miaka mitatu, akaja mikono mitupu. Bi Somalatha akamtazama juu mpaka chini. "Na mtindi uko wapi? Leo ndiyo ningeula."

Lakini mimi nataka kuwasimulia siku ya majaribio ya ziara hii, maana siku ile nilikuwa karibu kuachwa, na mpaka leo kuna wanaouliza nilichaguliwaje. Wasikie kwangu.

Nafasi za wapigaji zilikuwa sita. Tano zilikuwa na wenyewe. Ya sita ilikuwa kati yangu na Piyumi, yule pale, mwenye miaka kumi na tisa, mkono wenye nguvu na usingizi wa usiku kucha. Mimi nilikuwa nimerudi uwanjani mtoto akiwa na miezi mitano. Mume wangu yuko jeshini Trincomalee. Mpango ulikuwa mama mkwe wangu aje nami amshike mtoto. Tukaoga, tukavaa, tukafunga nepi na chupa, akatia mguu mlangoni, na mjusi akalia ukutani.

Mnalijua jambo la mjusi: akilia unapotoka, safari ina mkosi. Mama mkwe akaurudisha mguu ndani, akavua viatu, akaketi.

"Siendi popote," akasema. "Nitapigisha falaki upya, nitoke kwa saa njema."

"Mama, basi la Matara halina habari za mjusi."

"Wewe nenda na basi lako. Mimi nitakuja na saa yangu."

Nikafika uwanjani na gongo begani na mtoto kiunoni. Wenzangu wamekwisha kufunga magodoro yao ya kukinga miguu, nani angemshika? Alipitishwa mikono mitano, akaililia yote mitano. Ndipo Bi Somalatha akaweka chini darubini yake akasema, "Mlete huku. Wewe nenda kavae." Senuli akaishika cheni ya miwani yake, akanyamaza. Ila mtoto huyu akiniona kwa mbali hulia kama aliyeporwa, kwa hiyo Mwenyekiti wa Kamati ya Uteuzi ya taifa akaondoka jukwaani, akaenda nyuma ya jengo kwenye mashine ya kukatia majani, akamtembeza huko muda wote niliokuwa napiga.

Nilipiga vizuri. Sisemi vizuri sana. Nikamchukua mwanangu, nikashukuru, nikaenda zangu kituoni kungoja basi.

Huku ndani kamati ikakaa, na haya ndiyo ya Bwana Sivapalan. Waandishi wa habari walikuwa mlangoni, mnajimu alikuwa amekwisha kutoa saa njema ya kutangaza majina, na saa ilikuwa inakaribia. Kawaida ya kamati yetu mnaijua: jina haliendi kwa Waziri mpaka wajumbe wote watatu wamelikubali. Mkono mmoja ukinyooshwa kupinga, jina limerudi. Yakapita majina matano. Likaja langu.

Bwana Edirisuriya akasema, na nasema kwa heshima kwa sababu alisema kwa nia njema, "Mwenye mtoto mchanga mguu mmoja uko uwanjani, mwingine uko jikoni."

Bwana Sivapalan akasema, "Basi ana miguu miwili. Wengine tuliokwisha kuwapitisha leo hata mmoja hawausogezi."

Wakamgeukia Mwenyekiti. Mwenyekiti akavua miwani. "Sikumwona," akasema. "Nilikuwa na mwanawe nyuma ya jengo. Sikuona mpira hata mmoja, na siwezi kumpitisha mtu kwa sababu mtoto wake amenichekea."

"Basi tuhesabu amekosa," akasema Bwana Edirisuriya, "tutangaze, saa njema inapita."

"Saa njema ni ya watu, Edirisuriya, na huyo naye ni mtu. Kamwiteni."

Mabibi na mabwana, ni nani kati yetu hapa, katika maisha yake, amewahi kuiambia saa njema ingoje? Kwetu hata jiko la mwaka mpya haliwashwi kabla ya saa yake. Watu wanakaa na njaa, wanaitazama saa ya ukutani. Na mama huyu aliiambia ingoje kwa ajili ya mtu aliyekuwa kituoni anakula bajia za dengu.

Nikarudi. Nimevaa sketi na kandambili. Wenye magodoro wamekwisha kuondoka, aliyebaki na mpira mkononi ni Piyumi peke yake. Nikafunga magodoro juu ya sketi. Nikauliza, "Na mtoto?"

Bi Somalatha akamtazama Bwana Edirisuriya. "Mpe huyo. Yeye amekwisha kuona na amekwisha kuamua. Mikono yake haina kazi."

Bwana Edirisuriya ana wana wanne, watu wazima wenye heshima zao, ambao nasikia alikutana nao wakiwa tayari wanajua kutembea. Akampokea Senuli kama mtu aliyepewa sufuria ya moto bila kitambaa. Senuli akaanza kulia. Akamtikisa, akalia zaidi. Bembelezo hakulijua hata moja. Sasa nyinyi mnakumbuka, kabla ya kuingia kamati bwana huyu alikuwa mtangazaji wa kriketi redioni kwa miaka mingi. Baba zetu waliacha chai ikapoa kwa sauti yake. Akafanya kitu pekee alichokijua. Akaanza kutangaza. Kwa sauti ya chini kabisa, sikioni mwa mtoto, akatangaza kila nilichokifanya.

Piyumi alinirushia mipira kama mtu aliyekuja kudai. Namsifu kwa hilo. Nafasi ilikuwa yake kama nikikosea, na hakunilegezea, wala hakunirushia uchafu. Na Bwana Sivapalan, aliyesimama karibu, alisikia yote.

"Anakuja Piyumi, mpira mfupi, mpigaji anarudi nyuma, anaukata, safi, safi kabisa. Anakuja tena. Huu ni mgumu. Oo, ameuacha upite, busara hiyo, wengi wangeugusa. Anakuja. Mguu wa mbele, mwanangu, tazama mguu wa mbele ulivyofika, mpira unakwenda ukutani, hakuna wa kuufuata."

Mnaona? Aliyenipinga kwa hoja alikuwa akinisifu kwa kunong'ona, maana mtangazaji wa kweli hawezi kudanganya kilicho mbele ya macho yake, hata akiwa anamdanganya mtoto alale. Na mtoto akalala. Akalaza kichwa kwenye mkono wake wa kulia, mdomo wazi, akalala fofofo.

Wakarudi mezani. Bi Somalatha akasema, "Sasa nimeona. Nakubali." Bwana Sivapalan akasema, "Nilikubali tangu asubuhi." Kisha Mwenyekiti akauliza kwa taratibu zote, kama anavyouliza siku zote, "Anayepinga anyooshe mkono."

Bwana Edirisuriya akautazama mkono wake wa kulia. Mkono wa kulia ulikuwa na kichwa cha mtoto. Akautazama wa kushoto. Wa kushoto ulikuwa chini ya miguu ya mtoto. Mtu aliyehangaika nusu saa kumlaza mtoto asiye wake, ndugu zangu, huyo mtu anajua thamani ya usingizi kuliko daktari. Mwisho akanong'ona, "Endeleeni. Msigongegonge meza."

Saa njema ya mnajimu ilikuwa imekwisha kupita. Waandishi wakaanza kunung'unika kwamba majina yatasomwa katika saa mbaya na tutafungwa mechi zote. Wakati huohuo, basi la Matara likasimama langoni, akashuka mama mkwe wangu na mwavuli wake na wali wake wa tui umefungwa kwenye jani la mgomba. Akasikia ubishi. Akasema, "Saa gani mbaya? Mimi nimekaa tangu asubuhi naingoja hii. Someni majina." Majina yakasomwa.

Sasa niseme jambo langu, kisha niwaache mle.

Bi Somalatha, watu watakusifu kwamba ulichagua wapigaji waliotupa ushindi, na ni kweli. Mimi nakusifu kwamba ulikataa kunichagua kabla hujaniona. Nimechoka, Mama; mimi ni mtu ambaye jana niliweka chumvi kwenye chai na nikainywa mpaka mwisho. Mtu aliyechoka huhurumiwa na kila mtu, na huruma ni rahisi, inatolewa ukiwa umekaa. Wewe hukunihurumia. Ulisimama juani ukaniangalia miguu. Nikienda New Zealand, naenda nikijua kwamba sikubebwa na mtoto wangu. Piyumi naye anajua, na ndiyo maana tunakula sahani moja.

Ila si kila aliyezaa alipata mtu wa kumrudisha kutoka kituoni. Sajeewani, aliyekuwa anaanza kupiga kabla yangu, yuko pale nyuma na mapacha wake. Yeye hakushindwa na mrushaji yeyote. Alikuja majaribio mwaka juzi, hakupata wa kuwashika, akageuza akarudi nyumbani, na hakuna aliyemwita. Alikuwa bora kuliko mimi. Nasema hivyo na sina haya.

Kwa hiyo, Bwana Edirisuriya, Mwenyekiti wetu wa kesho, naleta ombi la wapigaji mbele ya watu hawa wote. Kuanzia majaribio yajayo pawepo kivuli, mkeka na mama mmoja mwenye moyo wa kushika watoto, ili macho ya wateuzi yabaki uwanjani. Na Sajeewani aitwe, apige, aonekane. Akikosa, akose kwa mpira.

Najua taratibu za kamati, na leo nitazifuata, kwa sababu kabla sijapanda hapa mama mkwe wangu alikuwa anashughulika na wali, na wewe, Bwana, ulininyooshea mikono mwenyewe ukasema, "Mlete, mimi na huyu tunajuana." Nimekuona nikiwa hapa juu. Umemtangazia hotuba yangu yote sikioni, na yuko mkono uleule.

Anayepinga anyooshe mkono.

Naona hakuna. Limepita.

Bi Somalatha, nitashuka sasa nikuletee majani yako ya tambuu ya heshima, nikuinamie miguuni, na usinizuie kama ulivyowazuia wenzangu. Watukufu, Mheshimiwa, Wenyeviti wote wawili, ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza kwa utulivu huu. Ninawaomba kitu kimoja tu cha mwisho: msipige makofi.