Ufagio wa Babu Filimbi

Benchi lenyewe lilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, ukaegemezwa ukutani kando ya kibanda cha Fundi Viatu. Ukuta ule ulikuwa umeegemewa miaka mingi hadi ukapata rangi ya migongo ya watu. Alasiri ya Jumanne hiyo walikuwepo watatu wa siku zote. Wakili hakuwahi kusomea sheria hata siku moja, kazi yake ilikuwa kuwajazia watu fomu nje ya mahakama. Hesabu, mtunza stoo mstaafu, hakuweza kumwona mtu akipita bila kumhesabu. Na Mama Pasi, dobi wa mlango wa pili, alikuwa amekuja kunywa kikombe chake kimoja tu cha kahawa, na hicho kilikuwa cha tatu. Fundi alikaa kwenye kigoda chake, kiatu cha mtu mapajani, akigonga zaidi ya kusema. Mwisho wa benchi, upande wa barabarani, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja ambayo hakuna aliyethubutu kuikalia. Ilikuwa ya Babu Filimbi, na miezi minne ilishapita tangu wamzike.

Mada ya siku ililetwa na Wakili. Ng'ambo ya barabara, ubavuni mwa kiwanda cha kuchapa, kulikuwa na mlango wa kijani, na nyuma yake chumba ambamo watu walioacha pombe walikutana kila Jumanne na Ijumaa jioni. Mtaa mzima ulijua kiasi hicho. Waliketi duara, wakazungumza, wakanywa chai, wakaenda zao. Wenyewe walisema wanafuata hatua kumi na mbili, na Wakili alishawahi kupima ngazi za pale mlangoni akakuta ziko tatu tu. Kitu ambacho mtaa haukujua ni nani anayegharamia. Sasa asubuhi hiyo tajiri wa vifaa vya ujenzi alikuwa amemtuma dereva wake na bahasha.

— Wameikataa, alisema Wakili. Kodi ya chumba ya mwaka mzima. Dereva kaniambia mwenyewe. Katoka mlangoni ameishika bahasha kama mtu aliyepewa mtoto si wake.

— Labda ilikuwa ndogo, alisema Mama Pasi.

— Mama, bahasha haikufungika.

— Sasa wakamwambia nini?

— Ahsante sana, ila cha mtu wa nje hatupokei. Tunajitegemea wenyewe. Ndiyo maana wahenga wakasema haraka haraka haina baraka.

Hakuna aliyeona methali hiyo imeingiaje hapo, lakini methali za Wakili zilikuwa kama mvua ya kiangazi, ikija unaiacha ipite. Hesabu alishaanza kukunja vidole. Ijumaa iliyopita walitoka watu ishirini na wawili, yeye mwenyewe aliwahesabu. Hata kila mmoja akitoa alichonacho, toa kodi, toa umeme, toa majani ya chai na sukari, hesabu haikai. Mama Pasi akasema yeye ndiye anayewafulia mapazia, na siku moja akiyarudisha aliona kwa macho yake. Inapita kofia, ile kofia ya reli ya marehemu Filimbi. Mwenye kitu anatia, asiye nacho anampa jirani yake, na hakuna anayetazama mkono wa mwenzake.

— Kofia tu? aliuliza Hesabu.

— Kofia tu.

— Basi kuna mkono nyuma ya hiyo kofia.

Fundi aliinamia soli. Angeweza kuwajibu yote, tangu la kwanza hadi la mwisho, maana mwaka wa sita huo naye alikuwa akitia chochote katika kofia hiyohiyo. Kila Jumanne na Ijumaa, ikikaribia saa kumi na moja, aliinuka, akajikung'uta aproni, akasema anafuata ngozi. Kisha alizunguka nyuma ya kiwanda, akapita uani penye marobota ya karatasi, akaingia kwa mlango wa nyuma. Alijua kuwa kofia ikishalipa kodi na chai, kinachobaki hupelekwa kwenye ofisi ya vikundi vyote vya mji, penye simu inayopokelewa kwa zamu na wanachama wasiolipwa, na hapo pia hununuliwa vijitabu vya kupeleka hospitalini na gerezani. Alijua kwamba bahasha ya tajiri ingewaletea na tajiri mwenyewe ndani yake, hata akiwa mtu mwema kiasi gani. Aliyajua yote hayo, akaendelea kugonga misumari.

Wakili naye alishapanda juu. Kwa maoni yake kile kilikuwa chama cha siasa kilichojificha. Wana katibu, wana mtunza hazina, wana mjumbe wanayemtuma kwenye kikao cha vikundi vingine. Hiyo ni serikali, imekosa bendera tu.

— Na mkubwa wao nani? aliuliza Mama Pasi.

— Hawana. Kila mwaka wanabadilishana.

— Serikali gani haina mkubwa?

— Mama, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wao hawana mkuu, ndiyo maana hujaona hata mmoja anachechemea.

Muuza kahawa, aliyekuwa akipita na birika lake, akachangia bila kuombwa. Kwenye kijiwe cha kule sokoni wanasema chini ya sakafu ya chumba kile yamezikwa mapipa ya ile baa ya zamani, kinywaji cha miaka thelathini, na wale watu wanayalinda hadi bei ipande.

— Walioacha pombe walinde pombe? alisema Hesabu.

— Nani mlinzi bora kuliko asiyekunywa?

Na kwa sababu baa ilikuwa imetajwa, mazungumzo yakarudi nyuma yenyewe. Maana kiwanda kile cha kuchapa ndicho kilichokuwa baa ya ujana wao, na chumba chenye mlango wa kijani kilikuwa stoo ya makreti. Walikumbuka viti vya chuma vilivyokwangua sakafu, na mhudumu aliyejua deni la kila mtu kwa kichwa. Walimkumbuka Filimbi alivyokuwa siku hizo, mlinzi wa treni mwenye koti la vifungo vya shaba, akisimama mlangoni na filimbi yake kutangaza kila mlevi anayeingia kama treni inayofika kituoni. Walicheka mpaka Mama Pasi akafuta macho kwa kanga. Kisha wakakumbuka na yaliyofuata, jinsi koti lilivyouzwa, kazi ikaenda, mke akaenda, na filimbi yenyewe ikabaki kwa mhudumu kufidia chupa mbili. Kofia tu ndiyo iliyobaki, kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Alipoacha pombe alirudi benchini kunywa kahawa, na mluzi akaanza kuupiga kwa midomo. Miaka yake miwili ya mwisho, kila siku ya mkutano alivuka barabara mapema, akachukua ufagio, akafagia ngazi zile tatu huku akipiga mluzi wa wimbo mmoja tu. Mtaa ulijua saa kwa mluzi huo. Sasa jioni zilikuwa zikija zenyewe, bila mtu wa kuzitangaza, na wote walihisi upungufu huo.

— Lakini kwa kile kitendo hawakumtendea haki, alisema Hesabu.

— Kitendo gani?

— Kumshusha cheo. Nilikuwa nikimwona dirishani, amekaa mbele na kengele mezani, mkubwa mzima. Mwaka ukaisha, nikamwona na ufagio. Mtu hatoki kwenye kengele akaenda kwenye ufagio bila sababu. Na kofia ilikuwa yake.

— Hesabu, unasema nini? aliuliza Mama Pasi.

— Sisemi. Najumlisha.

Wakili alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Nyundo ya Fundi ilisimama. Siku ile ya kupokezana kazi alikuwepo. Ndio utaratibu wao: anayeongoza mwaka huu, mwakani hupisha, akachukua birika au vikombe au viti, asije mtu akaota mizizi kitini. Filimbi alikabidhi kengele akacheka, na alipoulizwa anataka kazi gani, akasema ufagio. Walimwambia ni mzee, achague ya kukaa. Akawajibu kwamba anayekuja mara ya kwanza hutazama chini. Akitazama chini ataona ufagio, na akiuona ufagio atamwona aliyeushika. Walioghairi mlangoni na kurudi kwao walikuwa wengi, alisema, na hao ndio aliotaka awe karibu nao.

— Hakuiba, alisema Fundi.

Wakamgeukia wote.

— Wewe umejuaje?

Jibu lilikuwa limeshafika ulimini. Kanuni ya chumbani ilikataza kumtaja mwenzako, si kujitaja, na alichotakiwa ni kusema neno moja tu juu yake mwenyewe. Lakini wateja wake walikuwa wakipita, na mama mkwe wake alikaa mtaa uleule, na kwa miaka sita alikuwa akiwaambia anafuata ngozi.

— Namjua tu, alisema.

— Ah, wote tulimjua, alisema Hesabu, akanywa kahawa yake.

Fundi alirudi kwenye soli akijidharau. Mtu aliyemshika mkono amezikwa, sasa anaitwa mwizi kando ya kiti chake mwenyewe, na yeye anagonga misumari. Filimbi ndiye aliyemwonyesha ile njia ya uani, siku ya kwanza, alipokuwa hawezi kusimama mbele ya mlango kwa aibu. Ingia kwa nyuma kwa sasa, alimwambia, siku moja utaingia kwa mbele. Na tangu mazishi, kila walipogawana kazi, katibu alifika kwenye neno ufagio akatazama watu, na Fundi akatazama vikombe. Vikombe vilioshwa ndani. Ufagio ulikuwa nje, mbele ya benchi.

Ndipo akaja mtu ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi upande mmoja tu, na Mama Pasi alisema baadaye kwamba alipoliona shati lile alijua mkono ulioshika pasi ulikuwa ukitetemeka.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Samahanini wazee wangu. Kulikuwa na babu mmoja akifagia pale mlangoni, anapiga mluzi. Mwaka jana nilikuja, nikaishia kwenye ngazi. Hakunilazimisha. Aliniambia nikiwa tayari nirudi Jumanne au Ijumaa, nimtafute mwenye ufagio.

Alitazama ng'ambo, kisha akatazama chini.

— Nimepita mara mbili leo, simwoni mtu. Siku hizi anafagia nani?

Wakili alitazama ng'ambo, kwenye ngazi. Hesabu, aliyehesabu kila kilichopita mtaani, alitazama nafasi tupu mwisho wa benchi. Muuza kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha Mama Pasi, likadondosha tone moja, likaisha. Kijana alishaanza kugeuza mguu.

— Mimi, alisema Fundi.

Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka, ikabidi arudie.

— Mimi ndiye ninayefagia. Nimechelewa tu.

Aliweka kiatu chini, akavua aproni. Kijana akamuuliza kwa sauti ya chini kiingilio ni kiasi gani. Fundi akamjibu hakuna kiingilio. Itapita kofia, na ikimfikia ampe jirani, leo yeye ni mgeni. Walikuwa wameshafika ukingoni mwa barabara Mama Pasi alipoita.

— Fundi.

— Naam, mama.

— Na ngozi?

— Ngozi nitafuata Alhamisi.

— Miaka sita sijakuona hata na kipande, alisema Mama Pasi, polepole. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Mficha uchi hazai, baba. Nenda.

Ufagio ulikuwa palepale nyuma ya mlango wa kijani alipouacha Filimbi. Ngazi zilikuwa zimejaa vumbi na vipande vya karatasi vya kiwandani, taka ya miezi minne, na Fundi akaanza na ya juu. Kijana alisimama pembeni akimngoja, macho chini, akiufuata ufagio. Kule benchini vikombe vilikuwa vimewekwa chini. Walitazama mgongo wa Fundi ukipanda na kushuka, na Hesabu akasikika akisema peke yake kwamba basi hakuiba, masikini, hakuiba.

Fundi alipofika ngazi ya pili alijaribu ule wimbo. Hakuwa mtu wa mluzi, na baada ya sauti tatu ukatoka upepo mtupu. Ng'ambo ya barabara Hesabu aliukunja mdomo wake wa uzee, akaudaka wimbo pale ulipokatikia, akaupiga mpaka mwisho.