Gervais Kalonda na Upande wa Mama wa Tairi la Kijerumani

Gervais Kalonda anatuaga Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya kufunga matairi katika karakana yetu ya Lewisham, pale chini ya reli. Kazi yote anayoijua nilimfundisha mimi. Alitoka Kindu, kule Kongo, hajui jeki ni mnyama gani, nikamshika mkono, nikamfanya mtu.

Haya, punguzeni kelele huko nyuma. Mimi nilipoajiriwa, Gervais alikuwa keshazeekea hapa, na ndiye aliyenionyesha choo kilipo na upande upi wa rimu unatazama nje. Lakini kalamu nimepewa mimi. Angetaka sifa zake zisiibiwe, angeandika mwenyewe.

Mstaafu wetu ni mtu nadhifu kupita kiasi. Kila asubuhi alishuka kwenye basi kutoka Thamesmead na tai shingoni, akaivalia ovaroli juu yake, akaingia kulala chini ya magari. Oili haikuwahi kuiheshimu tai hata moja. Yeye alisema mtu anayeuza tairi la Kijerumani hawezi kuvaa kama muuza vitunguu. Wauza vitunguu wa soko la Lewisham wamesikia, na wanakuja kwenye sherehe ya kumuaga.

Tairi lenyewe ni Vosskamp. Karakana hii inaishi kwa Vosskamp, na Gervais aliishi kwa kusimulia historia yake. Mteja aliyeingia na pancha ya dakika kumi alitoka na karne nzima. Alimsikia mzee Vosskamp akitengeneza mipira ya kuvalisha kwato za farasi wasiteleze kwenye mawe ya mji. Alisikia baiskeli zilivyokuja, farasi wakapumzika; magari yalivyokuja, baiskeli zikaona aibu. Alisikia kiwanda kilivyopigwa mabomu wakati wa vita, na mateka waliofanyishwa kazi humo kwa nguvu, kisha matofali yalivyookotwa moja moja mpaka kuta zikasimama tena. Nusu ilikuwa kweli. Nusu ya pili, Vosskamp mwenyewe akifufuka, angekuja Lewisham kuulizia habari zake.

Halafu kuna lile jambo la kutambulisha. Nyumbani kwa bibi yake Gervais, mgeni hakupewa kiti kabla ya kutambulishwa pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Basi Gervais akafanya hivyo kwa matairi! Kabla gari halijashushwa kwenye jeki, analipiga tairi kofi, anasoma ubavuni lilizaliwa juma la ngapi na mwaka gani, kisha anamwambia mteja kwa heshima zote, "Huyu baba yake ni Vosskamp, wa Ujerumani." Peris, muuguzi anayeletaga ile Nissan yake kila msimu wa baridi, aliamini miaka mingi kwamba fundi anaombea gari. Akawa anaitikia, "Amina." Hakuna aliyemsahihisha. Nani anakataa maombi kwenye barabara za London?

Mimi nikimchokoza, "Na upande wa mama je? Au ni mtoto wa kuokotwa?" anafuta mikono na kusema, "Ule bado, muzee." Nikadhani hajui.

Mwezi uliopita Vosskamp wakatangaza sherehe za kuzaliwa kwa kampuni, na ya London ikaangukia kwetu. Wakaleta tairi la maonyesho, limeng'arishwa kama kiatu cha bwana harusi, na karatasi ya historia ya kusomwa na fundi wa siku nyingi. Karatasi ilikuwa nzuri sana. Mateka wa vita walipata sentensi moja. Mpira wa miaka ya mwanzo ulitoka, ninanukuu, katika nchi za joto. Nchi za joto! Kama mtu anayerudi kutoka likizo.

Gervais akaisoma, akaweka kidole kwenye nchi za joto, akakiacha hapo. Bosi wetu Mitesh akakiona kile kidole, na jasho likamtoka, maana mkataba wa kuuza Vosskamp ulikuwa unaisha na anayeutia sahihi, Bi Annegret wa Vosskamp, ndiye mgeni wa heshima. Mitesh wazazi wake ni wa Nairobi, yeye ni wa Stanmore, hapa hapa London, na akiogopa ndipo Kiswahili kinamjia.

"Gervais, ndugu yangu, soma tu ile imeandikwa. Usiongeze chumvi. Hii mkataba ndiyo inalisha sisi wote."

"Nitasoma yote, patron. Mpaka nukta ya mwisho."

Na kweli alisoma yote, mpaka nukta ya mwisho. Watu wakapiga makofi, Mitesh akavuta pumzi na kuchukua sambusa. Ndipo Gervais akaikunja karatasi, akalisogelea lile tairi, akalipiga kofi.

"Huyu baba yake ni Vosskamp, wa Ujerumani," akasema, kwa Kiingereza chake kilichopita Kindu kwanza. "Kwa mama, ukoo wake ni wa msitu wa Maniema. Enzi za Wabelgiji, babu wa mama yangu alitumwa kugema mpira. Mke wake walimfunga kamba mpaka kikapu kijae. Kilichelewa kujaa. Aliitwa Sifa. Sasa mgeni anaweza kukaa."

Sambusa ya Mitesh ilibaki njiani. Treni ikapita juu yetu. Peris, aliyealikwa pamoja na wateja wengine, akasema, "Amina," na safari hii alikuwa anajua anachoitikia. Mimi nikaanza kupiga makofi, peke yangu, kama kichaa wa stendi, mpaka wengine wakaona haya na kufuata.

Bi Annegret hakupiga. Alimwendea Gervais, akamwomba alitaje tena lile jina, polepole. Kisha akamgeukia Mitesh na kuuliza ni kwa nini fundi huyu alipewa karatasi ya kusoma. Mitesh, shujaa wetu, akasema hata yeye alishangaa.

Mkataba umetiwa sahihi. Mitesh sasa anasimulia kwamba wazo lote lilikuwa lake. Na kule kiwandani Ujerumani wanataka kuandika upande wa mama ukutani, karibu na lango, ila wanamtaka Gervais aende Septemba ayaone maneno kabla hayajachongwa, wasije wakaandika tena nchi za joto. Naye, simba wa Maniema, anajibu nini? "Nimestaafu, bana. Magoti."

Gervais, asante kwa kila gurudumu lililofika nyumbani salama kwa sababu ya mikono yako. Pumzika vizuri, ule ushibe, na Mungu ampe mkeo Sidonie masikio ya akiba, maana wateja wako wote sasa ni yeye. Lakini kumbuka ni nani aliyepiga makofi wakati chumba kizima kilikuwa kinatazama viatu. Kwa hilo una deni la fadhila kwangu, dogo tu: panda treni, uende na hayo magoti, uyasome maneno ya ule ukuta moja baada ya jingine. Jina la Sifa likiwa limeandikwa sawasawa, nipigie picha.