Ngazi Mbili za Bi Nukta

Bosi wetu mheshimiwa, mwalimu wa chuo cha ufundi uliyetuletea kitabu chako tukichape, wageni waalikwa, wifi yake Bi Nukta uliyekaa jirani na keki, na nyie wenzangu wa kiwandani mnaojibanza nyuma kama bibi harusi, hamjambo?

Nimeambiwa niseme maneno mawili. Aliyenipa kipaza sauti hanijui! Mimi ni Mama Gundi, nakunja karatasi na kugundisha vitabu. Darasani sikukaa sana, lakini mdomo Mungu hakuninyima.

Bi Nukta tunayemuaga leo anapanga kurasa na kuchora picha. Nikisema kuchora, msidhani ana penseli. Anaiandikia kompyuta maneno: toa mstari nukta hii mpaka nukta ile, hapo zungusha duara. Halafu maandishi na alama za hesabu anazifunga kwenye nukta, kama mbuzi kwenye kigingi. Ukihamisha kigingi, mbuzi huyo nyuma. Siku moja nikamuuliza, "Shoga, si ubandike tu pale unapoona panafaa?" Akanijibu, "Jicho linachoka, mwenzangu. Nukta haichoki." Ndiyo maana tukampa jina hilo.

Sasa wageni, nyie mmeambiwa anastaafu kwa hiari. Je, mmeshaona mtu anastaafu kwa hiari huku hata sweta hajaitoa kwenye kiti? Bosi, usinikate jicho, nakuja kukusifu.

Kitabu cha mwalimu ni cha wanaojifunza kuezeka mapaa. Picha moja ilichelewa. Ina ngazi mbili zimeegemea ukuta: moja imesimama vizuri, nyingine imelala mno. Chini ya kila ngazi kuna ile herufi ya hesabu wanayoiita theta, kama yai lililofungwa mkanda, na mbele yake nyuzi za pembe yake, sabini na tano kwa ile nzuri, arobaini kwa ile mbaya. Pembeni mwa ile nzuri neno SALAMA, na pembeni mwa ile mbaya neno HATARI. Bi Nukta akaanza kufunga herufi zake. Bosi ukaingia, ukasema, na ukuta wa chumba changu ni mbao nyembamba, sikuutoboa mimi: "Dada, achana na mambo ya nukta, bandika kwa macho tumalize!" Akabandika. Baadaye ukurasa ukadai picha igeuzwe, ngazi ziangalie ndani ya kitabu. Ukigeuza na maandishi, yanasomeka kinyumenyume kama kwenye kioo, kwa hiyo akageuza mistari peke yake. Ngazi zikabadilishana mahali. Maneno yakabaki pale pale.

Asubuhi yake mashine inanguruma, lori la mteja liko getini linapiga honi, mimi nakunja. Bi Nukta kapita kuomba chai. Akaitazama karatasi mkononi mwangu, akaninyang'anya.

"Nini shoga, umeona nyoka?"

Akageuka mbio. Nilisikia viatu tu. Nikamfuata, si unajua mimi, jambo linipite? Nikamkuta kwa mwendesha mashine.

"Zima!"

"Nizime? Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

Bosi ukatoka ofisini. Ukasema, "Dada, ukigusa hicho kitufe, usinitafute tena." Bi Nukta akanyoosha mkono. Akabonyeza.

Mashine ikazimika. Akasema, "Kosa ni langu. Ngazi ya kuua watu nimeiandikia salama." Ukamwambia, "Maneno mawili tu! Nani atayaangalia?" Akasema, "Atakayepanda."

Hakukutaja, Bosi. Hakusema nani alimharakisha. Angeweza, si ndiyo? Tulikuwepo wote.

Akakaa kwenye kompyuta, sisi mgongoni kwake kama kwenye msiba, honi inalia nje. Ukasema abandike upya haraka. Akasema safari hii anafunga kwenye nukta. Akaandika, picha ikatokea: ngazi tupu! Hakuna herufi hata moja! Nikaona mshipa wa shingo yako, Bosi, nikasema leo mtu atakufa hapa. Yeye akasoma mstari wake polepole, kidole kwenye kioo, akakuta kuna mahali alifungua alama ya hesabu akasahau kuifunga. Akaifunga. Mayai yakarudi, nyuzi zikarudi. Akaigeuza picha kushoto, akaigeuza kulia, na kila mara SALAMA ilikimbilia ngazi yake kama mtoto kwa mama. Mashine ikawashwa, ukurasa ukachapwa upya, lori likaondoka jua lingali juu.

Basi, hapo ndipo sifa yako, Bosi. Hukumpiga kelele tena. Ulikwenda ofisini, ukafunga mlango. Wiki iliyofuata tukasikia Bi Nukta anastaafu. Hasira huja na kuondoka, mimi na mume wangu tumeachana mara ngapi na bado namfulia soksi? Ila tukimwacha aende kwa kubonyeza kile kitufe, nani hapa atathubutu kukibonyeza? Wewe, mwendesha mashine? Mnaona, anaangalia viatu. Mimi pia nina watoto, na nitakunja tu nilichopewa kukunja, hata kama kina ngazi ya kuua.

Mwalimu, kitabu chako cha pili kinakuja, si ulituambia? Picha zake zitafungwa na nani?

Shoga, usilie, utaniliza na mimi nimepaka wanja.

Keki haijakatwa. Haijaandikwa kitu, nimehakikisha, na keki haiozi kwa kubadilishiwa sababu. Bosi wetu, wewe si mtu mbaya, na ulichokisema mbele ya mashine tulikisikia sote. Unaweza kukifuta mbele yetu sote.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza mimi. Bosi, kipaza sauti hiki hapa, simama. Sasa tunakusikiliza wewe.