Isidore Asukulu: Kutoka Mkataba wa Pelindaba hadi Kamba ya Soko la Baraka

Baada ya miaka ishirini na minne katika ofisi yetu ya maendeleo hapa Baraka, Bwana Isidore Asukulu anastaafu tarehe 30 Juni 2003.

Alianza kama mwalimu wa uraia, akizunguka vijiji vya ziwani kwa baiskeli. Vita vilipokuja, baiskeli ilichukuliwa. Nani aliichukua, hapa si mahali pa kusema. Bwana Isidore aliendelea kwa miguu.

Mwaka 2001 aliandaa semina kuhusu Mkataba wa Pelindaba, ambao nchi za Afrika zilianza kuutia saini Kairo mwaka 1996 ili bara lote liwe eneo lisilo na silaha za nyuklia. Mama Zubeda, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, alimkatiza mbele ya wote: "Papa Isidore, bomu ya atomiki sisi tuko nayo wapi? Hapa tunakufa na bunduki!"

Ukumbi ulicheka, naye akacheka zaidi. Kisha akaeleza kwa nini mkataba ule ulikuwa bado haujaanza kufanya kazi: kutia saini si kuthibitisha, wengi humsubiri jirani atangulie, na kila mmoja huuliza nani atamkagua mwenzake.

Kicheko kikaisha. Hayo ndiyo yaliyokuwa yamefunga soko letu. Wafugaji wa Bibokoboko, kule mlimani, walikosa chumvi, sisi wa ziwani tulikosa maziwa, na kila upande ulitaka mwingine uache silaha kwanza. Bwana Isidore akapendekeza kamba moja mlangoni mwa soko: bamama wa ziwani wakague wanaoshuka mlimani, na wa mlimani wakague wa ziwani, kwa wakati mmoja.

Jumamosi ya kwanza, Zubeda aligusa kitu kizito cha mviringo ndani ya kikapu cha Mama Godelieve wa Bibokoboko. Akapiga yowe, na soko zima likakimbia. Bwana Isidore alibaki penye kamba, akafungua mwenyewe kitambaa kilichofunga kitu kile. Sisi tulikuwa chini ya meza za ndagala, tukimtazama. Ndani mlikuwa na jibini.

"We Zubeda," Godelieve akasema, "bomu yako ya atomiki ni hii. Kula basi!"

Zubeda alikula. Watu wakarudi.

Tangu hapo mapigano yamelifunga soko mara kadhaa, na kila mara kamba imefungwa upya. Mkataba nao bado unasubiri nchi za kutosha kuuthibitisha.

Papa Isidore, aksanti sana. Tunakuombea afya, na miaka ya kutosha kuiona siku mkataba ule utakapoanza. Jumamosi hii njoo sokoni kama mnunuzi. Ukifika penye kamba, fungua kikapu: Zubeda na Godelieve wamesema hata wewe utakaguliwa.