Jicho la Kushoto Nililolisemea Uongo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi wa mbele, asifiwe na ninyi mliosimama kule mlangoni, kwa sababu leo nawaona! Wewe mama wa kitenge cha njano, nakuona. Kitenge chako kina ndege. Ndege wana midomo myekundu! Asifiwe tena!

Mnanijua kama mtu asiyesema. Miaka mitatu tangu nimzike mume wangu, baba Agnesi, nimekuja hapa kanisani Bwera, nimekaa benchi la mwisho, nimerudi nyumbani. Shule niliacha nikiwa mdogo, na maneno mengi sina. Lakini leo mnivumilie.

Mume wangu alikuwa sajini. Tuliishi kambi ya jeshi miaka mingi, na alipougua akafa, nikarudi huku kwetu na binti yetu Agnesi. Nililia. Sikulia kwa sauti, nililia nikipika, nililia nikifua. Haukupita muda mrefu baada ya matanga, macho yakaanza kufifia, kama mtu anayetazama kupitia moshi. Majirani wakasema, machozi yamemmaliza. Nikaamini. Ndugu zangu, niseme ukweli wote? Niliuonea fahari kidogo upofu ule. Nilijiambia: macho na yaende, ya kutazama nini tena? Nilidhani ndivyo mke mwaminifu anavyoomboleza.

Ninauza maharage soko la Mpondwe, hapa mpakani. Kuchambua mawe sikuweza tena. Siku moja dereva wa lori alirudi ameshika shavu, jino limevunjika. Akasema mbele ya watu wote, "Mama, wewe nauza maharage ama nauza mlima Rwenzori?" Soko zima likacheka. Nami nikacheka, kisha nikajifunika kitenge usoni.

Agnesi ndiye aliyesikia redioni kwamba Kasese kuna madaktari wanaofanya utafiti wa macho. Akanivuta, nikaenda kwa shingo upande. Wakanimulika. Daktari mkuu, mama mmoja mrefu asiyecheka ovyo, akasema, "Hii si machozi, mama. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Machozi hayaleti mtoto wa jicho." Mtanisamehe, nilitaka kukasirika! Miaka mitatu nimebeba upofu wangu kama rambirambi, na huyu ananiambia ni ugonjwa tu, wa watu wengi, wenye dawa.

Akanieleza utafiti wenyewe. Yeye hufundisha madaktari vijana kupasua macho. Walitaka kujua kama wagonjwa wanaopasuliwa na anayejifunza, mwalimu akiwa pembeni, wanakuja kuona sawasawa na wale wanaopasuliwa na mwalimu mwenyewe. Agnesi akanisomea karatasi mara mbili. Iliandikwa kwamba naweza kukataa, na bado nitatibiwa. Nikaweka dole gumba.

Nilipotoka nje na karatasi yangu, nikakaa kwenye benchi karibu na Mama Kahindo, mwanamke wa Butembo, ng'ambo ya Kongo, anayeuza vitenge mpakani. Akapiga kelele, "Weye! Utaacha mwanafunzi akukate? Baliyifunzaka ku macho ya mbuzi. Sasa beko natafuta mbuzi ya miguu mbili!" Yaani walijifunzia macho ya mbuzi, na sasa mbuzi ni sisi. Benchi zima lilicheka. Naye alikuwa ameweka dole gumba pale pale kabla yangu!

Daktari niliyepewa anaitwa Opio. Kijana wa kaskazini, aliyezaliwa kambi ya jeshi. Niliposikia anavyosema Kiswahili, moyo wangu ulishtuka, maana ni kile kile cha kambini, cha marehemu. Nikamuuliza habari ya mbuzi. Hakuficha. "Ndiyo, mama. Macho ya mbuzi, kutoka kwa wauza nyama. Mingi sana. Lakini hata mbuzi moja haijarudi kuniambia kama inaona." Shikeni neno hilo, ndugu zangu, nitalirudia.

Siku ya kupasuliwa walinichoma sindano pembeni ya jicho la kushoto, jicho likafa ganzi, ila masikio yakabaki. Nilimsikia mwalimu, yule mama mrefu, anayetazama kwenye darubini ile ile ya Opio kwa tundu la pili, kama mlango wake mwenyewe. "Polepole. Simama hapo. Vuta pumzi. Sasa endelea." Na Opio kwangu, "Mama, tulia! Usitingishe kichwa. Uko gwaride!" Nilikaza mwili kama mke wa sajini. Nilihesabu Salamu Maria kwa vidole chini ya shuka.

Asubuhi yake wakafungua bandeji. Bwana asifiwe! Kitu cha kwanza nilichoona ni meno ya Opio, yana pengo hapa mbele, anacheka kabla sijasema neno. Nikapiga vigelegele ndani ya hospitali! Nikaona ukuta, nikaona nzi juu ya ukuta. Nilipofika nyumbani nikatoa picha ya baba Agnesi, ile ya sare. Nikamwona. Kofia, macho, kovu dogo la kidevuni alilolipata utotoni. Nilikaa na picha ile mchana mzima, na maharage yakaungua jikoni, na Agnesi hakunigombeza.

Sasa hapa ndipo ushuhuda wangu ulipo, na hapa ndipo aibu yangu ilipo.

Wiki zikapita. Kabla ya wiki ya sita, jicho likaanza kubadilika. Halikuuma. Halikuwa jekundu. Pembeni niliona vizuri, lakini katikati pakawa na ukungu, kana kwamba mtu amepaka mafuta kwa kidole. Nikatoa picha. Kofia naiona. Mkanda nauona. Viatu naviona. Uso haupo! Niliinamisha picha, nikaipeleka dirishani, uso haupo. Nilimpoteza mara ya pili, ndugu zangu, na safari hii hapakuwa hata na matanga. Sikumwambia Agnesi.

Siku ya kurudi Kasese ikafika. Mnajua ubao wa macho? Una alama yenye miguu mitatu kama uma, moja inatazama juu, nyingine chini, nyingine pembeni. Unaonyesha kwa mkono miguu imeelekea wapi. Mlango ulikuwa wazi, na benchi lilikuwa pale pale nje. Sasa fikirini. Sisi watu wa mpakani, foleni ndiyo shule yetu. Aliyetangulia kwa afande ndiye anayewaambia wa nyuma wanaulizwa nini na wajibu nini. Hatuoni dhambi hapo, tunaita kusaidiana. Mama Kahindo alitoka ndani akakaa, akaninong'oneza, "Musitari ya tatu: yulu, kushoto, chini, kushoto. Ya ine: chini, kuume, yulu, yulu. Shika!"

Nikashika. Kwa nini? Si kwa ajili yangu. Nilikuwa nimemsikia nesi akisema kwamba matokeo yetu yataonyesha kama Opio yuko tayari kuachiwa kisu peke yake. Nikasema moyoni, mtoto wa kambi huyu, hatashindwa kwa sababu ya jicho langu. Nikaingia. Nilinyoosha mkono juu, kushoto, chini, kushoto, bila kuona kitu zaidi ya doa jeusi. Nesi akaandika. Opio alipotazama ile karatasi aliruka! "Mama! Leo nitalala vizuri!" Akanimulika, mbele ya jicho pako safi, na kwa kuwa nilisoma vizuri hivyo, hawakuona haja ya kuchunguza nyuma kabisa. Nikarudi Bwera na zawadi niliyodhani nimempa.

Jumapili iliyofuata mnaikumbuka. Katekista alisimama hapa akatangaza, "Mama Agnesi ameona! Aje ashuhudie!" Mkapiga makofi. Nikaja mbele. Nikafungua mdomo, nikamgeukia katekista. Nikaona masikio mawili na kola ya shati. Katikati hapakuwa na mtu. Nami nisimame mbele ya Mungu niseme naona? Ubao niliudanganya, nesi nilimdanganya. Altare hii ningeifanyaje? Nikarudi kwenye benchi nikiwa nalia, nanyi mkadhani namlilia marehemu. Sikuwa namlilia yeye. Nilijililia mwenyewe.

Jumatatu asubuhi nilipanda taksi ya kwanza ya Kasese. Niliwakuta Opio na mwalimu wake pamoja. Nikasema nikiwa nimesimama, maana ningekaa ningenyamaza. "Nilidanganya. Sioni. Nilikariri kutoka kwenye benchi."

Opio akauliza, "Kwa nini, mama?"

"Ili upasi, mwanangu."

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza! Alisema, "Mama, ukinidanganya, mimi najua wapi shida iko? Kesho napasua mama mwingine, yeye pia anadanganya. Halafu mwingine. Wote nyinyi munanipenda, na wote nyinyi munakuwa vipofu."

Ndugu zangu, nilikumbuka wale mbuzi. Wale walinyamaza tu. Mimi nilikuwa mbaya kuliko mbuzi, maana mimi nilirudi, nikasema uongo!

Wakaugeuza ubao kichwa chini, nikashindwa mstari wa kwanza. Wakanitia dawa ya kupanua mboni, wakapiga picha nyuma ya jicho kwa mashine. Mwalimu akasema pale nyuma pamevimba, mahali penyewe pa kuonea nyuso. Akasema hutokea mara nyingine baada ya kupasuliwa, hata kwa mkono uliozoea, na si lazima mtu awe amekosea. Likiwahiwa, matone huweza kulituliza. Likiachwa sana, linaweza kuharibika moja kwa moja. "Umekuja, mama," akasema. "Hilo ndilo la maana." Yule asiyecheka ovyo alinishika bega.

Kisha akafungua faili langu. Akapiga mstari mmoja tu juu ya yale yaliyoandikwa siku ile, akaandika tarehe, akaweka sahihi, akaandika ukweli pembeni. Nikamwomba afute kabisa, nisione aibu. Akakataa. "Hapa hatufuti, mama. Atakayesoma lazima aone nini kiliandikwa na nini kimerekebishwa." Kwa hiyo uongo wangu bado uko kule Kasese, chini ya mstari mmoja, unasomeka. Nami nimekubali usomeke.

Nikaanza matone. Asubuhi, mchana, jioni, Agnesi akinihesabia, nami nikiomba. Sikuomba niwe mzima tu. Niliomba, Bwana, chochote nitakachoona, nikiseme hivyo hivyo. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili hakuna kitu. Nikasema, hata ikibaki hivi, nitakwenda kusema imebaki hivi.

Halafu siku moja nimekaa na ungo wa maharage, nikaona jiwe. Katikati! Pale pale palipokuwa na ukungu, jiwe dogo la kijivu! Nikatupa ungo, maharage yakamwagika uani, kuku wakasherehekea pamoja nami! Nikakimbilia ile picha. Kofia. Macho. Kovu la kidevuni. Baba Agnesi, umerudi! Nilicheka, ndugu zangu. Nilicheka mbele ya picha ya marehemu, na sikuhisi nimemsaliti. Tangu siku hiyo ninamwomboleza nikiwa na macho, na ni bora hivyo, maana sasa namjua ninayemlilia.

Niliporudi Kasese, benchi limehamishwa mbali na mlango, na ubao wanaugeuza kwa kila mtu. Mama Kahindo alikuwepo. Akaninong'oneza, "Mama Agnesi, ya ine ni yulu ao chini?" Nikamwambia, "Sikwambii! Sema unachoona!" Akanuna. Aliporudi kutoka ndani alikuwa na matone mkononi. Na yeye pia alikuwa haoni vizuri, ndugu zangu. Siku ile naye alikuwa amekariri kwa aliyemtangulia, akimfichia Opio!

Ninamshukuru Mungu. Ninamshukuru Agnesi aliyenivuta. Ninawashukuru wale madaktari, anayefundisha na anayejifunza.

Nanyi mlio nyumbani na macho meupe, mkisema ni uzee, ni machozi, ni mtu amewaloga, tokeni! Nendeni mkapimwe. Mkimtumaini Mungu, mtumainini pia kwa kusema kweli mbele ya wale aliowapa mikono ya kuponya. Mkifika kwenye ubao na alama hamuioni, semeni hamuioni. Mimi neno lililonifungua lilikuwa moja tu, na lilinichukua wiki nzima kulitamka: sioni.

Jicho la kulia bado liko gizani. Jumanne nalala tena mezani. Waliniuliza kama nataka mwalimu apasue mwenyewe safari hii. Nikasema hapana, nataka mkono ule ule, na mwalimu awe kwenye mlango wake wa darubini.

Katekista, geuka kidogo hapa kwenye mwanga. Naona masikio. Naona kola. Na katikati namwona mtu, amenyoa vibaya shavu moja! Bwana asifiwe!