Samaki wa Othmani Atazamwa Mgongo

Asubuhi ile ya baridi, mwaka wa hamsini na tano, kwenye benchi la Mzee Matano muuza kahawa, karibu na soko la Mbeya, palikuwa na chupa kubwa ya peremende. Ndani yake alizunguka samaki wa urembo wa Kijapani, urefu wa kiganja, ubavu mweupe wenye mabaka mekundu. Mwenyewe, Othmani fundi cherehani, alikuwa amefura hata kahawa haishuki. Jana alimpeleka kwenye maonyesho. Mwamuzi, Mzungu mmoja, akammwaga ndani ya beseni jeupe, akamtazama kwa juu, akasema mgongo umepauka, akapita zake. Othmani ameapa kumkaanga leo hii, na mafuta ameshanunua.

— Mwaka mzima namlea, alisema Othmani. Uzuri wake uko ubavuni, yeye anaangalia mgongo. Nani aliposa mke kwa kumtazama kisogo?

— Sheria ni sheria, alijibu Selemani, aliyeitwa Hakimu kwa kuwa aliwahi kufagia mahakamani. Samaki wa bwawani hutazamwa juu. Weupe uwe kama maziwa, wekundu usifike machoni. Wako ana doa jeusi mgongoni. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

— Yuko mmoja, Hakimu. Na hajaoza.

Yotamu Dhahabu, aliyerudi kutoka migodi ya Makongolosi na kikohozi tu, akatua kikombe.

— Nyie hamjaelewa. Wazungu ndivyo wanavyotazama kila kitu. Wako juu ya farasi, juu ya gari, juu ya baraza. Sisi wanatujua utosi. Bwana wangu wa mgodini hakuijua sura yangu mpaka naondoka.

— Hapo umesema kweli, alisema Othmani, hasira zikipata kuni.

— Bado. Watakuja na ndege kutukagua. Mwenye upara hapati hata kibarua.

Hakimu akaivuta kofia yake chini.

Hapo akafika Sekela, muuza ndizi, akatua kapu lake. Akachungulia chupa ubavuni, kisha juu.

— Baba Othmani, jana asubuhi, kabla Mzungu hajamtazama, samaki huyu alikuwa mzuri?

Dhahabu alikohoa. Matano akainamisha dele la kahawa, halikutoa hata tone.

Othmani aliona aibu, na aibu ile ilimchoma kuliko maneno ya mwamuzi. Akavua koti, akaifunika chupa isipigwe na baridi, akaikumbatia na kuondoka.

— Na yale mafuta? aliuliza Dhahabu.

— Njoo uyachukue, ujipake kifuani. Labda kikohozi kitapoa.